Namba n ya mtaro, na mahali inapodanganya

Simama kwenye daraja lolote linalovuka Mto Ngong kule Mukuru, Nairobi, mwezi wa Februari. Maji yanafika kifundo cha mguu tu, yanajipenyeza kati ya mawe, chupa na tope jeusi, na nyuma ya kila jiwe kuna povu linalozunguka pale pale. Rudi mahali hapo Aprili, masika yakishakolea. Mawe yamezama, uso wa maji umenyooka, na kasi imepanda mara kadhaa. Mawe ni yale yale, lakini ukikokotoa ile namba ambayo wahandisi huiita n, kipimo cha jinsi njia ya maji inavyoyapunguza mbio, ya Februari inaweza kuwa karibu mara mbili ya ile ya Aprili.

Namba hiyo ndiyo huamua upana wa mtaro, urefu wa kuta zake, kipenyo cha kalvati, na hatimaye ni nyumba ya nani itakayoingia maji. Vitabu huipanga kwenye jedwali: zege lililolainishwa vizuri 0.012, zege la kawaida 0.014 au 0.015, mtaro safi wa udongo karibu 0.020, mawe yaliyojengwa kwa saruji karibu 0.025, kijito chenye kokoto 0.030 hadi 0.040, kijito cha mlimani chenye mawe makubwa 0.040 hadi 0.070. Mtu huchagua moja, anaiingiza kwenye programu, kazi imeisha. Jedwali lenyewe halina ubaya. Shida ni kudhani kwamba n ni mali ya zege au ya jiwe, kama ulivyo uzito wake. Jiwe la sentimita kumi chini ya maji ya sentimita ishirini ni ukuta. Jiwe hilo hilo chini ya mita mbili za maji ni chembe tu.

Kanuni, kwa wale walioisahau

Mhandisi wa Ayalandi, Robert Manning, aliwasilisha kanuni yake mwaka 1889, na sura tunayoitumia leo ni hii:

V = (1/n) × R^(2/3) × S^(1/2)

V ni kasi ya wastani kwa mita kwa sekunde. S ni mteremko. R ni eneo la maji ukiukata mtaro kwa upana, ukigawa kwa urefu wa ukingo ulioloa, yaani sakafu pamoja na kuta hadi pale maji yanapofika. Upana wa uso wa juu hauhesabiwi, kwa kuwa hewa haiyazuii maji kwa kiasi cha kujali.

Makosa mawili ya kijinga lakini ya kila siku. Mteremko wa asilimia 0.5 huandikwa 0.005. Ukiandika 0.5, kasi inatoka mara kumi ya ukweli, na bado kuna ripoti zinazopita na kasi ya mita 30 kwa sekunde bila mtu kushtuka. La pili: vitabu vya Marekani vinavyotumia futi huwa na 1.49 mahali pa 1. Ukichanganya futi na mita, kosa linakaribia nusu nzima.

Chukua mtaro wa mstatili, upana mita 3, kina cha maji mita 1, mteremko 0.005, zege la n = 0.014. Eneo ni mita za mraba 3, ukingo ulioloa ni mita 5, R ni 0.6. Kasi inatoka 3.59, na maji yanayopita ni mita za ujazo 10.8 kwa sekunde. Sasa badilisha n peke yake iwe 0.035, kama sehemu ambayo haijajengwa, ina mawe na majani pembeni. Kasi inashuka hadi 1.44 na maji hadi 4.3. Ukilazimisha zile 10.8 zipite hapo, kina kinapanda mpaka karibu mita 2. Upana na mteremko ni ule ule, lakini ukuta unatakiwa uwe mara mbili. Shikilia mfano huu, tutaurudia.

Kinachotokea pale chini

Maji yanayogusa sakafu husimama. Hayatelezi juu yake hata kama ni kioo. Juu kidogo yanaanza kwenda, na tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayozaa mvutano. Kwenye bomba jembamba lenye mafuta mazito, tabaka huteleza juu ya tabaka kwa utulivu. Kwenye mtaro hali hiyo haipo hata siku moja, mkondo ni wa msukosuko tangu mwanzo. Vizingo vya maji huzaliwa sakafuni, hupanda na maji ya polepole mpaka juu, vingine hushuka na maji ya kasi na kuyapiga chini. Kila kizingo kimebeba nishati iliyonyang'anywa kutoka kwa mkondo. Kinagawanyika kuwa vidogo zaidi, na vile vidogo kabisa huishia kuwa joto, kidogo mno kiasi kwamba kipimajoto hakitakuambia kitu.

Kipimo cha nguvu ya mchezo huo huitwa kasi ya msuguano, na hupatikana kwa kuzidisha 9.81 kwa R kwa S, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwenye mtaro wetu wa zege inatoka mita 0.17 kwa sekunde. Si kasi ya maji yoyote unayoweza kuyaonyesha kwa kidole, ila ndiyo rula tunayopimia kila kitu kingine.

Sasa angalia zege kwa karibu. Juu ya sakafu kabisa kuna utando ambamo unato wa maji, yaani kule kushikana kwake, bado una nguvu ya kutuliza msukosuko. Unene wake, kwa kasi hiyo ya msuguano, ni takriban milimita 0.07. Karatasi ya daftari ni nene kuliko huo. Sakafu iliyosawazishwa kwa ubao ina mistari na punje za mchanga zinazosimama milimita moja au mbili, kwa hiyo zinatoboa utando huo kama miti inavyotoboa ukungu. Ndiyo maana hata zege, linaloitwa laini, kwa maji ya kasi ni sakafu ya kukwaruza. Na punje zikishatoboa utando, unato wa maji hauna tena sauti. Maji yawe ya baridi ya Julai au ya joto ya Februari, msuguano ni ule ule, nao hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, mvutano unazidi mara nne.

Ushahidi wa hili ulitoka Ujerumani. Johann Nikuradse alibandika punje za mchanga zenye ukubwa mmoja ndani ya mabomba, akapitisha maji, na mwaka 1933 akachapisha matokeo. Tangu hapo mkwaruzo wa sakafu yoyote huelezwa kwa ukubwa wa punje za mchanga ambazo zingeleta msuguano sawa na huo, na alama yake ni ks. Zege letu la n = 0.014 lina ks ya kama milimita 2. Sakafu ya mawe ya mto haina ks sawa na ukubwa wa jiwe la wastani, na hapa wengi huteleza. Mawe ya mtoni ni makubwa kwa madogo, mengine yamesimama kwa ubavu, mengine yamejificha nyuma ya wenzake. Yanayotawala ni yale makubwa. Kipimo kinachotumika sana ni mara 3 hadi 3.5 ya d84, yaani ukubwa ambao mawe 84 kati ya 100 ni madogo kuliko huo.

Kina kinavyoibadilisha n

Mwaka 1938 Garbis Keulegan aliyaleta matokeo ya mabomba kwenye mitaro ya wazi. Kwa sakafu ya kukwaruza, kasi ya wastani ukiigawa kwa kasi ya msuguano ni 6.25 jumlisha 5.75 mara logi ya R/ks. Tuifanyie kazi kwenye kijito chenye d84 ya milimita 120, yaani ks ya mita 0.42. R ikiwa mita 0.5, n inatoka 0.043. R ikiwa mita 1.2, inatoka 0.037. R ikiwa mita 2.5, 0.035.

Ona inavyoshuka kwa haraka mwanzoni kisha inatulia. Hapo ndipo kanuni ya Manning ilipopata bahati yake: kwenye mto mkubwa wenye kina kizuri, n karibu haibadiliki, kwa hiyo jedwali linatosha. Mito yetu ya Nairobi si ya namna hiyo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka R ni ndogo kuliko ks yenyewe, na hapo hata kanuni ya Keulegan haifai tena. Maji hayapiti juu ya mawe bali katikati yake, kila pengo ni kalvati kidogo, na n ya 0.06, 0.08 au hata zaidi ya 0.1 si ajabu.

Kuna njia ya mkato ya Strickler ya mwaka 1923: n ni d50 (ukubwa wa jiwe la katikati, nusu ya mawe ni madogo kuliko hilo) kwa mita, ukitafuta kipeuo chake cha sita, kisha ugawe kwa 21.1. Kwa d50 ya milimita 60 inatoka 0.030. Linganisha na 0.037 ya juu. Strickler anahesabu punje peke yake, kwenye sakafu iliyonyooka. Itumie kama kiwango cha chini. Ukiona n ya kijito cha mawe iliyo chini ya Strickler, kuna mtu amekosea mahali.

Kile kipeuo cha sita kina faraja yake pia. Ukikosea ks mara mbili nzima, n inakosewa kwa asilimia 12 tu. Ili n ikosewe mara mbili, lazima ks ikosewe mara 64. Kwa hiyo usipoteze siku nzima ukibishana kama jiwe ni la sentimita 10 au 12. Kinachoharibu hesabu kwa kweli si ukubwa wa mawe, ni majani, takataka, na umbo la mtaro wenyewe.

Kuhesabu mawe ni kazi ya saa moja. Vuka mto kwa hatua za kisigino kwa kidole, na kila hatua inamisha mkono huku macho ukiyageuza pembeni, chukua jiwe la kwanza kuguswa na kidole. Ukiangalia, jicho litachagua mawe makubwa, hata ukiapa hulitumi. Kila jiwe lina urefu, upana na unene. Pima ule wa kati. Mawe 100 yanatosha. Yapange kwa ukubwa, la 50 ndilo d50, la 84 ndilo d84. Vipande vya tofali na zege vya majengo yaliyobomolewa vihesabu kama mawe, maana maji hayaulizi asili. Vaa gambuti na glavu nzito: mito hii imebeba maji taka, vioo na misumari.

Kuipata n kwenye eneo lenyewe

Njia bora kuliko jedwali lolote ni kuigeuza kanuni ya Manning: pima kasi, R na mteremko, n itajitoa yenyewe. Vifaa si vya gharama. Unahitaji tepu ya mita 30, rula ndefu au fito iliyochorwa sentimita, saa ya simu, machungwa matano, na mpira wa maji unaopitisha mwanga, ule ule ambao fundi hutumia kupata leveli ya msingi.

Tafuta sehemu iliyonyooka ya mita 30 hivi, isiyopanuka wala kubana njiani. Mteremko unaotakiwa ni wa uso wa maji, si wa sakafu, kwa sababu sakafu ya mawe inapanda na kushuka kila mita. Jaza mpira maji, toa mapovu yote, shika ncha moja juu na nyingine chini, na pima kutoka kwenye leveli hadi uso wa mto pande zote mbili. Povu moja lililonasa ndani ya mpira linatosha kukupa sentimita kadhaa za uongo, na ndilo kosa la kwanza kulitafuta matokeo yakikataa. Kwa nini mita 30 na si 5? Kwenye mteremko wa 0.006, uso unashuka sentimita 18 kwa mita 30. Ukikosea sentimita moja, n inakosewa kwa asilimia 3. Kwa mita 5, uso unashuka sentimita 3 tu, na sentimita ile ile moja ya kosa inakuharibia n kwa asilimia 15 na zaidi.

Kwa kasi, rusha chungwa. Linazama karibu lote na kubakiza kichwa, upepo haulisukumi, na rangi yake inaonekana hata kwenye maji ya kahawia. Chupa tupu ya plastiki huenda na upepo. Litupe mita tatu au nne juu ya mstari wa kuanzia ili lishike kasi ya maji kwanza. Rudia mara kumi, kushoto, katikati na kulia, na yale yanayonasa kwenye mawe yafute. Hiyo ni kasi ya uso. Ya wastani ni ndogo, na kipunguzio ndicho chenye mtego: kwenye mtaro laini wenye kina, zidisha kwa 0.85, kwenye maji mafupi juu ya mawe, 0.75 au hata chini ya hapo, kwa sababu mawe yanakula kasi kubwa ya tabaka la chini.

Mfano: eneo la maji 0.84, ukingo ulioloa 3.1, R ni 0.271. Uso umeshuka sentimita 18 kwa mita 30. Chungwa limechukua sekunde 44, kasi ya uso 0.68, ya wastani kwa 0.75 ni 0.51. Basi n ni 0.063. Ukitumia 0.85 inatoka 0.056. Zote mbili ni mara 1.6 hadi 1.8 ya 0.035 ya jedwali, wala hukukosea. Ni kina kifupi. Kosa litakuwa kuichukua hiyo 0.063 ya kiangazi na kuitumia kukadiria gharika. Utapata kina kikubwa kupita kiasi na kasi ndogo kupita kiasi, na ile kasi ndogo ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa utajenga kingo dhaifu kwa maji yenye nguvu. Pima angalau mara mbili, kina kikiwa tofauti, uone n inashuka kiasi gani. Siku maji yamepanda, pimia kutoka daraja au ukingo. Maji ya magoti yanayokimbia humwangusha mtu mzima.

Mwenye kipimakasi cha kuzama anaweza kwenda mbali zaidi. Pima kasi kwenye urefu mbili kutoka sakafuni. Sema sentimita 10 juu ya sakafu unapata 0.62, na sentimita 40 unapata 0.97. Tofauti ni 0.35. Igawe kwa 5.75 mara logi ya 4, kasi ya msuguano inatoka 0.10, na ukiendelea na hesabu hiyo hiyo ks inatoka karibu mita 0.26. Acha kifaa kisome dakika nzima kila mahali, maana vizingo vikubwa vinapita kila baada ya sekunde chache, na usomaji wa sekunde tano unapima kizingo, si mto. Halafu kuna suala la sifuri iko wapi. Fito ikisimama juu ya jiwe, au ikizama kwenye pengo kati ya mawe mawili, sentimita 10 zako zinakuwa 4 au 16. Bandika sahani ya chuma ya upana wa kiganja chini ya fito. Sifuri ya kweli iko chini kidogo ya vichwa vya mawe, kwa kama robo ya ks au pungufu kidogo, na ukiisogeza hivyo nukta zako za kasi zitakaa kwenye mstari mmoja.

Mzigo mwingine usio mawe

Mwaka 1956 W. L. Cowan alipendekeza n ijengwe kwa vipande: msingi wa udongo au kokoto, ongeza kwa kingo zilizomomonyoka, ongeza kwa kubana na kupanuka, ongeza kwa vizuizi, ongeza kwa majani, kisha zidisha kwa 1.15 au 1.3 mto ukijipinda sana. Chukua kijito cha udongo: 0.020. Kingo zimemomonyoka kiasi: 0.010. Upana unabadilika hapa na pale: 0.005. Matairi, magunia na matawi yaliyonasa: 0.012. Nepia na nduma pembeni: 0.020. Jumla 0.067, na udongo wenyewe ni chini ya theluthi. Ndiyo maana kusafisha kijito bila kugusa umbo lake kunaweza kuleta nafuu ambayo zege la mamilioni lingeleta.

Majani yana tabia ya pekee. Nepia iliyosimama kwenye maji ya polepole ni kama chujio. Maji yakizidi kina na kasi, inalala, na n inaanguka. Matete magumu hayalali. Mfuko na chupa vikinasa kwenye matete, unapata ukuta uliofumwa ambao hakuna jedwali litakalokupa namba yake.

Sakafu na kuta zikitofautiana, usichukue wastani wa kawaida. Pandisha kila n kwa kipeo cha 1.5, izidishe kwa urefu wake wa ukingo ulioloa, jumlisha, gawa kwa ukingo wote, kisha rudisha kwa kipeo cha theluthi mbili. Sakafu ya mita 3 iliyofunikwa na kokoto ya 0.035, kuta mbili za mita moja za zege la 0.014: jibu ni 0.028. Hii ni ya mtaro mmoja uliobanwa. Maji yakishamwagika kwenye uwanda wa pembeni, igawe sehemu hiyo mbali, ihesabu peke yake na n yake. Ukiichanganya na mkondo wa kati, R inaporomoka ghafla na programu itakuambia kwamba maji yalipopanda, yalipungua.

Mtaro msafi unaofurika

Turudi kwa ule mfano wa mita 3. Sehemu ya juu imejengwa kwa zege, maji ya 10.8 yanapita kwa kina cha mita 1. Sehemu ya chini haijajengwa, inahitaji kina cha karibu mita 2. Yanapokutana kunatokea nini?

Kwenye zege maji yanakimbia kuliko wimbi linavyoweza kupanda dhidi yake, kwa hiyo hayapati habari za huko mbele mpaka yamefika. Kule chini ni ya polepole na mazito. Mpito kati ya hali hizo ni mruko, uso unapanda ghafla kwa mawimbi na povu. Mruko wa maji haya kutoka mita 1 unaweza kufika mita 1.2 tu peke yake. Kwa kuwa chini kuna mita 2, mruko unasukumwa kurudi juu, ndani ya mtaro wa zege, na maji yanajaa nyuma yake kwa umbali wa mita zipatazo 140. Mtu mwenye ukuta wa mita 1.3 kwenye sehemu hiyo, aliyefagia mtaro wake mpaka unang'aa, anafurika. Atalaumu ukuta, atalaumu fundi, na wakati mwingine ataongeza zege zaidi. Tatizo liko mita mia moja chini yake, kwenye mawe na matete.

Kwa hiyo kuzibua kuanzie chini kupanda juu. Ukianzia juu, unapeleka maji mengi na ya kasi kwa jirani wa chini kabla njia yake haijafunguka. Na tingatinga likishachimba tope, liisawazishe sakafu. Likiacha mashimo na vifusi vya nusu mita, umeondoa tope ukaweka ks kubwa zaidi.

Kuyapunguza mbio kwa makusudi

Kuna wakati unataka msuguano. Mtaro wa mteremko mkali unaoshuka kuelekea mtoni hufika na nguvu ya kuchimba. Watu huweka mawe sakafuni, wanayapanga yakigusana kama barabara ya mawe, kisha wanashangaa maji hayajapungua. Mawe yakikaribiana, vizingo vinanaswa kati yake, vinazunguka pale pale, na mkondo unateleza juu yake kama juu ya sakafu mpya. Mbao au safu za mawe zilizopangwa kukingama maji hufanya kazi zaidi zikiachana kwa mara 7 hadi 10 ya urefu wake wa kwenda juu, maana hapo kizingo kinapata nafasi ya kuzaliwa, kurudi chini, na kingine kuzaliwa. Safu ya urefu wa sentimita 10, basi, nafasi ya sentimita 70 hadi mita 1. Zikiachana zaidi ya hapo zinakuwa chache mno. Kumbuka kwamba kina kitapanda, na kuta zipande nacho.

Zege linapoishia ndipo mahali pa kuweka mawe makubwa, na hapa kuna uchoyo wa kusikitisha. Kanuni ya Izbash inasema jiwe lililo peke yake kwenye msukosuko hustahimili kasi ya 0.86 mara kipeuo cha pili cha 2 × 9.81 × 1.65 × d. Kwa kasi ya 3.59 ya mtaro wetu, d ni sentimita 54. Mawe ya kuchonga ya kujengea nyumba hayafiki hapo, na kokoto ni chakula cha dakika ya kwanza. Kama mawe ya nusu mita hayapatikani, tumia gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, kisha uweke chini yake kitambaa cha kuchuja au tabaka la changarawe. Msukosuko hauondoi jiwe kwa kulisukuma tu. Hufyonza udongo kupitia mapengo, kidogo kidogo, mpaka kikapu kizima kinakaa juu ya shimo na kuinamisha pua yake kuelekea mtoni.